Boti ya Pili

Katika mwaka wa pili wa vita hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyesafiri bila familia kugawanywa. Wenyeji wengi wa Bujumbura walifanya hivyo, wala haikuwa siri. Mkiwa na harusi Rumonge au matanga Gitega, familia inakatwa nusu mbili. Nusu ya kwanza inatangulia na gari moja, nusu ya pili inabaki nyumbani ikinywa chai polepole kwa makusudi, kisha inafuata. Kazi ya walio nyuma ni kutazama magari yanayokuja kutoka mbele. Yakiendelea kuja, njia ni wazi. Yakikatika ghafla, dereva haulizi mtu, anageuza. Hatukusema kwamba walio mbele wameuawa. Tulisema kumetokea neno, na kila mtu alijua ni neno gani.

Mimi nilikuwa mtu wa gari la mbele. Baba aliendesha pikapu ya duka, mimi nikiwa kando yake. Mama alifuata na wadogo zangu watatu, wote wa kiume, katika gari la mjomba. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, mkubwa wa nyumba, na kichwa changu kilikuwa kimevimba. Nilijua kwamba kati ya watoto wanne, aliyetakiwa na baba kando yake siku ya neno ni mimi. Wadogo zangu niliwaita mizigo ya nyuma. Nilisema hivyo hata mbele ya mama, naye alinitazama tu, akaendelea na chai yake.

Duka letu lilikuwa mtaa wa Asiatique, na nyumba ilikuwa nyuma ya duka. Tuliuza misumari, bawaba, rangi na kufuli. Vita ilitufanya wafalme wa kufuli, maana kila mtu alikuwa akifunga kitu. Nilikaa dukani tangu nilipomaliza shule, nikijua bei zote kichwani, na baba alikuwa akiwaambia wateja kwamba siku moja duka ni la huyu. Wateja walicheka. Mimi sikucheka, nilimwamini.

Kitu kingine kilichotuunganisha mimi na baba kilikuwa milima. Babu yake alitoka milima ya Omani, na ingawa baba hakuwahi kufika huko hata siku moja, aliisifu kana kwamba alichunga mbuzi kwenye mawe yake. Kabla ya vita, kila Jumapili tulipanda vilima vilivyo juu ya mji. Mama alibaki chini na wadogo zangu kwenye kivuli cha gari. Mimi na baba tulipanda mpaka tunaona ziwa lote na milima ya Kongo upande wa pili, tunakula mandazi, tunateremka tumechafuka. Vita ilipokuja, vilima vile vikawa vya watu wengine. Risasi zilisikika zikitoka kule kule tulikokuwa tukila mandazi. Kwa miaka miwili niliitazama ile milima kutoka juu ya paa la nyumba, nikianika nguo, na nilikuwa na hamu nayo kama mtu mwenye hamu ya chakula.

Ndiyo maana baba aliposema tutakwenda kupanda mlima, sikuuliza mara mbili. Kusini, upande wa Tanzania, kuna hifadhi ya milima inayoteremka moja kwa moja mpaka ziwani. Kwenye ramani si kisiwa, lakini hakuna barabara inayofika. Unaingia kwa maji na unatoka kwa maji, na nyuma yako ni ukuta wa mlima. Wavuvi wa kwetu walisema kisiwani, nasi tukasema kisiwani. Baba alisema kule kuna sokwe, kuna maporomoko ya maji, kuna njia za kupanda mpaka juu kabisa, na hakuna bunduki isipokuwa ya askari wa hifadhi, ambayo ni ya kutishia nyani. Tungekaa siku chache, tutembee, tupumue, turudi. Rafiki yake mfanyabiashara alikuwa na boti yenye injini iliyopeleka bidhaa Kigoma, na angetupeleka. Ahadi ni deni, alisema, nami nilikuahidi mlima.

Kwa kawaida yetu, boti zilikuwa mbili. Ya kwanza ingeondoka asubuhi, ya pili ingefuata kesho yake na nusu iliyobaki. Hapo baba akabadilisha mambo. Alisema mimi nitangulie na mama na wadogo zangu, yeye atakuja nyuma na bibi, mama yake.

Nilinuna. Nilimwambia mi ni mtu wako, tangu lini nikasafiri na mizigo? Akanijibu akiwa anapanga makopo ya rangi, bila kugeuka.

"Mama yako anaogopa maji. We ndo mukubwa. Nani atamushika mukono?"

Jibu lilikuwa na akili, na tena lilinipa nafasi ya kuuona mlima kabla yake, nikakubali. Kitu kimoja tu kilinichekesha. Bibi alikuwa mtu wa kupata kizunguzungu akitazama beseni la maji ya kufulia. Nilipomwambia mama kwamba bibi kwenye boti ni kichekesho, alisema watu hubadilika. Wakati ule sikujua kwamba mama yangu anaweza kusema uongo mfupi hivyo bila kupepesa.

Asubuhi ya safari tulikwenda mpaka Kajaga, boti ilikokuwa. Hata hiyo njia fupi tuliigawa, nami kwa mara nyingine nikawa pikapuni na baba. Niliongea njia nzima kama ilivyokuwa desturi yangu, nikipanga tutapanda njia gani na nani atatangulia. Bibi hakutoka chumbani kuniaga. Yeye ambaye nikienda sokoni tu alinishika kichwa na kunisomea dua, siku ile niliambiwa anavaa. Nikasema basi tutaonana kesho, nikapita.

Ufukweni wavuvi walikuwa wanashusha dagaa. Mama aliingia botini na buibui lake zito, akakaa katikati, akashika ubao kwa mikono miwili. Wadogo zangu walikuwa wanagombania mbele. Baba alinipa mfuko wa mandazi, akaniambia nisimalize yote. Kisha akamsaidia mwenye boti kuisukuma, suruali ikalowa mpaka magotini, akasimama hapo hapo majini. Nilimpungia mkono. Naye akapunga. Sikumtazama kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimeshageuka kutafuta mlima ulio mbele.

Safari ilikuwa ya kutwa. Tulisimama mpakani, wakatazama vibali vyetu, tukaendelea. Jua lilipokuwa limeinama tuliuona. Nimekaa kando ya ziwa lile maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuona msitu unaokunywa maji yake namna ile. Miti ilikuja mpaka kwenye kokoto, na juu ya miti kulikuwa na migongo ya majani makavu ya rangi ya simba, mgongo juu ya mgongo. Hakuna nyumba wala moshi wala sauti. Mdogo wangu wa mwisho aliuliza wanajeshi wa hapa wanakaa wapi. Muongozaji wa hifadhi, kijana wa Kigoma aliyekuja kutupokea, alifikiri ni mzaha.

Siku ya kwanza nilikuwa mtu mwenye furaha, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Tulipanda bonde lenye kijito mpaka kwenye maporomoko. Maji yaliteremka kutoka kwenye mwamba mweusi wenye mizizi iliyoning'inia, na upepo wake ulitulowesha uso kabla hatujayafikia. Tuliwaona sokwe, mama na mwanawe, wakila matunda juu ya mti na kutudondoshea maganda bila adabu. Nyani walituibia mandazi, na mdogo wangu wa pili akamfukuza nyani mmoja kwa kiatu mpaka muongozaji akamzuia. Nilitembea bila kusikiliza. Mjini nilikuwa nimezoea kutembea masikio yakiwa yamesimama, na pale, bila kujua ni saa ngapi, yalilala. Mama alibaki chini kwenye banda la wageni na kusema magoti yanamuuma. Joto lile lote, na buibui hakulivua.

Boti ya pili ilitakiwa kufika jioni ya siku hiyo hiyo. Haikufika. Mama alisema labda mafuta yamekosekana, na mafuta kweli yalikuwa yakikosekana Bujumbura. Asubuhi nikamwomba muongozaji anipandishe juu kabisa, kwenye mgongo wa mwisho. Wadogo zangu walichoka katikati ya njia, wakarudi. Mimi nilipanda kwa mikono na miguu, nikishika majani, mapafu yakiwaka. Kule juu hakuna miti. Ni nyasi na upepo. Chini ziwa limelala lote, upande wa pili milima ya Kongo ikiwa bluu, kaskazini vilima vya Burundi vimefifia kwenye ukungu. Muongozaji alikuwa akinionyesha kila kitu kwa fimbo, kwa haki kabisa, maana ndiyo kazi yake. Mimi nilikuwa natafuta alama nyeupe moja tu juu ya maji, ikitoka kaskazini.

Mitumbwi ya wavuvi ilipita. Boti ya mizigo ikapita mbali, haikukata kona. Niliketi hapo mpaka muongozaji akasema jua linatuishia. Nilianza kuhesabu mambo kwa akili ya gari la nyuma, akili ambayo sikuwahi kuitumia: magari ya mbele yakikatika, kumetokea neno. Lakini safari hii sisi ndio tuliokuwa mbele. Walio nyuma ndio waliokatika. Nilishuka mlima nikianguka anguka, nikilia waziwazi, na yule kijana alidhani nimeumia mguu.

Mama alikuwa ufukweni anachambua mchele. Nilimwambia boti haipo, baba na bibi kumetokea neno, tufanye nini. Hakushtuka. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele, na nilipoona vidole vyake vimetulia vile nikaelewa kwamba anajua kitu. Nikamshika mkono, sinia likamwagika. Chini ya mkono wa buibui bangili zake zote za dhahabu zilikuwa zimepangwa mpaka kwenye kiwiko, zile za harusi, ambazo hakuna mwanamke mwenye akili anayezivaa kwenda kutazama sokwe.

"Boti ya pili apana," mama alisema. "Ilikuwa moja tu. Kesho inatupeleka Kigoma. Mujomba ameshapata nyumba kwa jamaa zake."

Basi ndivyo nilivyopigwa changa la macho, na changa lenyewe lilikuwa mlima. Walikaa, watu wazima watatu, baba, mama na bibi, wakatafuta kitu ambacho nikionyeshwa nitaingia botini bila swali, wakakipata. Wadogo zangu wangefuata popote. Mama alikuwa radhi. Mtu wa kudanganywa nyumbani kwetu nilikuwa mmoja. Walijua nikiambiwa ukweli nitajifungia dukani na kufuli zetu wenyewe. Bibi hakutaka kuacha kaburi la mumewe, baba hakutaka kumwacha bibi, na mimi sikupewa hata nafasi ya kukataa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wazee, lakini hawasemi cha kufanya kikiwa kimekupa mandazi kwa mkono wake.

Nilimkaripia mama kwa maneno ambayo siyarudii. Nilimwambia baba hawezi kuniacha mimi, mimi ndiye mtu wake, miaka miwili kila safari yuko na mimi, muulize mtu yeyote nani anakaa naye gari la mbele. Mama alikuwa ameinama akiokota mchele kwenye kokoto. Hapo akaacha. Alikuwa amechoka, nafikiri, na kwa miaka miwili alikuwa amenivumilia na mizigo yangu ya nyuma.

"We unafikiri gari ya mbele ni ya mutu anayependwa?" aliniuliza. "Gari ya mbele ndo inapigwa. Baba yako alisema watoto wa kiume wakae nyuma. Mi nililia. Nilisema na huyu pia ni mutoto."

Nilikaa kwenye kokoto. Ilikuwa wazi kabisa, wazi kiasi kwamba mtoto wa miaka sita angeiona, na mimi sikuiona kwa miaka miwili kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu na usukani. Mtu anayetanguliza kitu njiani kuona kama kutatokea neno, hatangulizi anachokithamini kuliko vyote. Wadogo zangu watatu walikuwa wakinywa chai. Mimi nilikuwa kwenye bariyeri za wanajeshi barabarani, nikimchekesha baba.

Jioni ile wageni wengine wa hifadhi, Wazungu wawili, walikuwa wanapiga picha machweo. Mmoja aliniambia kwa Kifaransa kwamba nina bahati kuzaliwa kwenye ziwa zuri hivi. Nikamjibu ndiyo, ni zuri. Ilikuwa kweli, na nilichukia kila kitu kilichokuwa kizuri pale, maji, majani, na yale maporomoko yaliyosikika mpaka ufukweni.

Kesho yake boti ilikuja kutoka Kigoma, si kutoka kaskazini. Nilipanda wa mwisho. Mama alininyooshea mkono, nikaupita.

Kigoma tulikaa vyumba viwili karibu na mwalo wa samaki. Wadogo zangu waliingia shule, mama aliuza bangili moja moja, mimi nilipata kazi katika duka la vyombo la jamaa ya mjomba. Duka hilo lilikuwa na simu. Majuma yalipita, habari za Bujumbura zilikuja na watu wa maboti: mtaa huu umevunjwa, siku tatu mji umefungwa, Asiatique maduka yamefunguliwa, yamefungwa tena. Kila aliyetoka huko nilimuuliza kama amemwona mtu wa kufuli. Nilimchukia baba, na niliuliza. Sijui watu wengine hufanya vipi, mimi mambo hayo mawili niliyafanya pamoja kila siku, na hakuna lililomzuia mwenzake.

Baba alipiga simu Ijumaa moja baada ya sala, sote tukiwa dukani. Mama aliongea kwanza, akafunika uso na mtandio. Wadogo zangu wakapokezana. Nilipopewa mkono wa simu sikumsalimia. Nilikuwa na swali moja, nimelilalia na kuliamkia, na nilitaka anijibu akiwa kule na mimi niko huku, asije akanipa mandazi. Nikamuuliza kama mama amesema kweli.

Nilisikia watu wakipita nyuma yake, mlango wa chuma ukivutwa. Kisha akasema ndiyo, alisema hivyo kwa mama, kwamba watoto wa kiume wakae nyuma. Ilikuwa lazima aseme kitu ambacho mama atakielewa, na mama alikuwa na haki ya kulia.

"Lakini haikuwa ile," alisema. "Mi nilikuwa naogopa, mama. Kila bariyeri, mikono inatetemeka. We ulikuwa unasema, unasema, na mi naendesha. Nisingefika hata Rumonge mi peke yangu."

Alisema mama, yaani mimi, kama baba wa kwetu wanavyowaita binti zao. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, na nilikuwa nimejiandaa kwa msamaha, lakini si kwa hilo. Sikuwa kipenzi wala sikuwa ngao. Nilikuwa hirizi. Mtu mzima, baba yangu, aliyejua gari la mbele ndilo linalopigwa, alinipakia miaka miwili ili mikono yake isitetemeke. Ningependa kusema nilimwonea huruma. Nilimwonea, lakini baadaye sana, nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Pale dukani nilihisi nimesalitiwa kwa mara ya tatu na mtu yule yule, na hii ya tatu ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu aliisema kwa upole.

Nikamuuliza sasa je, anaogopa? Akasema sasa yuko na bibi, na bibi hasemi. Nikamwambia basi njoo. Akasema bibi haondoki, na mimi najua hivyo. Mwenye duka alikuwa ananitazama, maana simu ile ilikuwa ya kazi.

"Ulipanda mpaka juu?" baba aliuliza.

Nikasema nilipanda.

"Kule juu kunaonekana nini? Niambie."

Nilijua anachotaka. Alitaka niseme, kama pikapuni, nianze na njia na maporomoko na nyani na kiatu, niseme mpaka mikono yake itulie. Maneno yote nilikuwa nayo. Mlima ulikuwa wake pia, ndiye aliyeniahidi, na hakuuona mpaka alipokufa kitandani mwake Asiatique, vita ikiwa haijaisha, mimi nikiwa upande huu wa maji.

"Kunaonekana kote," nilimwambia. "Kongo inaonekana, ziwa lote. Kwenu tu ndo hakuonekani."

Nilisema kwenu, si kwetu. Alisikia, kwa sababu hakuniomba niendelee.